Marundo ya Mawe Uwandani

Ukitoka kijijini kwetu Makangale ukafuata njia inayopita pembeni mwa msitu, miti mirefu inakatika ghafla, ardhi inanyanyuka kidogo, na mbele yako kunabaki vichaka vya kufika magotini, nyasi kavu na mchanga mweupe unaoumiza macho saa sita. Upande wa mashariki mchanga unaisha na mawe ya matumbawe yanaanza, yenye ncha, yanayotoboa kandambili. Huo ndio uwanda wetu. Hauna mwenyewe. Watu huenda kufunga ng'ombe, kukata miyaa ya kusukia mikeka na kuokota kuni, kisha wanarudi majumbani.

Mimi nilikwenda kuhesabu.

Hakuna aliyenituma. Nilimaliza kidato cha nne nikakaa nyumbani kwa shangazi yangu, na nikajifunza ndege na mimea peke yangu, kwa simu yenye kioo kilichopasuka na kitabu kimoja kisichokuwa na jalada. Nilijua kwamba kile kichaka chenye majani membamba kama sindano, ambacho kwetu ni kuni tu, hakioti sehemu nyingi. Nilijua kware wanataga chini yake. Nilijua popo wakubwa wanaolala msituni hupita juu yake jioni wakienda kutafuta matunda. Nikajiambia nitaandika daftari la uwanda mzima, wanyama wake, mimea yake na historia yake, na halitakuwa na kosa hata moja.

Historia ndiyo iliyonichosha mwanzo. Katikati ya uwanda kuna kipande cha bigili, ukuta wa mawe makavu uliobomoka, na karibu yake shimo la tanuu la kuchomea chokaa na vigae vya vyungu. Nikauliza watu watatu. Mmoja akasema bigili ilijengwa kuzuia nguruwe mwitu. Wa pili akasema palikuwa na mji, watu wakahama kwa ndui. Wa tatu akasema ni boma la wapasua mbao waliokuja kukata mivule, na akacheka nilipomwambia kuhusu mji. Nilitaka historia moja iliyonyooka. Nilichana kurasa, nikaandika upya, nikachana tena. Shangazi alikuwa akiwashia moto karatasi zangu.

Nikaona afadhali nihesabu vichaka, kwa kuwa kichaka hakibishani. Nilitaka kugawa uwanda katika miraba iliyo sawasawa, nihesabu mmoja baada ya mwingine. Kwanza nikachomeka vijiti na kufunga uzi. Ng'ombe wakautafuna uzi. Nikaacha vijiti vitupu, wanawake wakaviokota wakaenda kupikia. Basi nikabeba mawe kutoka upande wa mashariki, nikayapanga marundo manne manne, kila pembe rundo moja. Nilipima kwa kamba mara tatu. Rundo likipishana kiganja kimoja na mstari, nililibomoa nikalijenga upya. Nilimaliza miraba sita, mgongo ukiwa hauinuki.

Sasa niseme jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua, na mimi nililijua tangu utotoni. Kwenye ardhi ya mawe, mtu akitaka kufungua konde haendi kwanza na jembe. Anakusanya mawe pembe nne, anaondoka, anaacha siku zipite. Asipotokea mtu wa kulalamika, anarudi na panga. Hivyo ndivyo makonde yote ya upande wetu yalivyopatikana. Nilikulia humo. Lakini nilipokuwa nabeba mawe, kichwani mwangu hakukuwa na konde, kulikuwa na mistari iliyonyooka tu.

Kisha homa iliniweka ndani siku tisa.

Nilipopata nguvu nilimsindikiza shangazi kufunga ng'ombe wake. Ana ng'ombe mmoja, na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yanayotulisha. Tulipopanda uwandani nikayaona marundo yangu, na pembeni yake marundo mengine, makubwa, ya ovyo, yasiyokuwa yangu. Nikayahesabu bila kutaka. Yalikuwa zaidi ya thelathini. Pale shangazi anapofunga ng'ombe siku zote, jirani yetu alikuwa ameinama anafyeka. Ni mama wa watoto saba, aliyeacha kulima mwani kwa kuwa maji yamekuwa ya moto na mwani unaoza kambani.

"Weye nawe umeingia humu lini?" shangazi akamwuliza hata salamu hajamaliza.

"Nimeingia baada ya mwenye mawe ya mwanzo," jirani akajibu, panga halisimami. "Nikasema kama kuna mtu kajikatia sita kwa mpigo na hasemwi, miye nikae napigwa jua pwani kwa nini?"

"Mtu gani huyo?"

"Ningalimjua ningalimpa salamu. Lakini ana mkono mzuri, wallahi. Tazama, yamepangwa kama mikate ya mofa kwenye sinia."

"Na ng'ombe wangu atakula wapi? Nimfunge chumbani kwako?"

"Mlete. Kitanda kipo, mume hayupo."

Shangazi alimtukana. Jirani akamtukana pia, wakiwa wanacheka nusu na wanakasirika nusu, mpaka kicheko kikaisha ikabaki hasira. Mimi nilisimama nimeshika kamba ya ng'ombe. Na nitakiri lililo baya zaidi: jirani aliposema mkono ni mzuri, kwa muda mfupi sana, nilifurahi.

Nilinyamaza siku mbili. Nilijiambia nitasema nikishapata maneno yanayofaa, na nikawa nayaandika, nayafuta. Huo ndio ugonjwa wangu. Siku ya tatu mtu mmoja alichoma vichaka vya konde lake kipya, moto ukala mraba wangu wa pili wote. Nilikwenda asubuhi. Majivu yalikuwa bado ya moto, na chini ya shina jeusi kulikuwa na mayai matano ya kware yaliyopasuka.

Nilirudi nikamkuta shangazi anakuna nazi.

"Shangazi, mawe ya mwanzo ni yangu."

Hakuacha kukuna. "Yako ya nini?"

"Ya kuhesabia vichaka."

Hapo mkono ukasimama. "Na siku ile ulisimama pale kama nguzo, unanisikiliza nikimtukana mtoto wa watu?"

"Ndiyo."

"Vaa buibui."

Tulikwenda kwa sheha baada ya sala ya alasiri, wakati baraza yake imejaa. Shangazi alisema kidogo akanisukuma mbele. Sheha, mkubwa wa kijiji chetu, ni mtu mpole, anayesikiliza akiwa amefumba macho, na hilo lilinitia hofu kuliko ukali.

"Unahesabu vichaka vya nani?" akaniuliza.

"Havina mwenyewe, sheha."

"Unamhesabia nani?"

"Najihesabia mwenyewe."

Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Akimaliza huko aje ahesabu nzi wa nyumbani kwangu." Sheha hakucheka. Akaniuliza kama sijui mawe ya pembe nne yana maana gani. Nikasema najua. Akaniuliza kwa nini basi. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, lakini nikasema, "Nilisahau," na ndilo neno la kweli pekee nililokuwa nalo.

Akakata shauri. Uwanda ubaki wa kufungia ng'ombe na kukatia miyaa kama ulivyokuwa. Nitoe mawe yangu mwenyewe, mchana, watu wakiona, na wengine wanifuate watoe yao. Ila aliyekwisha kupanda asing'olewe mmea. Avune mara moja, kisha aondoke.

Ilinichukua siku nne. Marundo yangu niliyamaliza siku ya kwanza. Wenye mengine wengi hawakuja, kwa aibu au kwa uvivu, nikayabeba na yao, kwa kuwa asiyejua mambo akipita angeyaona akaanza upya. Wapitao waliniuliza kama nahamia. Viganja vilichubuka, nikawa sishiki kijiko. Sikuandika kitu. Usiku nilikuwa nalala kabla chai haijapoa.

Yalibaki makonde matatu yenye muhogo, moja likiwa la jirani, aliyewahi kupanda siku zile nilizonyamaza, pale pale pa ng'ombe wetu. Shangazi anamfunga mbali zaidi sasa, karibu na sehemu iliyoungua, ambapo nyasi ni chache, na maziwa yamepungua. Hanilaumu kwa mdomo. Ananiambia tu kila asubuhi chombo kimejaa kiasi gani.

Mvua zilipopita nilikutana na jirani kondeni kwake. Nilitaka kumwomba radhi, kwa kuwa nisingekiri angepata konde la kudumu, na nisingepanga mawe asingepoteza nguvu zake. Hakunipa nafasi.

"Usinianzie hotuba," alisema. "Fungua kanga."

Akachuma majani ya muhogo, yale machanga, akanijazia kanga mpaka fundo halifungiki. Akasema kisamvu hicho tukitwange leo leo, kisilale.

Niliingia uani nikayamwaga kwenye ungo. Shangazi akayatazama, akachukua jani moja akalivunja kikonyo.

"Umeyatoa wapi?"

"Uwandani. Kanipa jirani."

Akalinusa lile jani, nami nikaanza kutafuta maneno. Nilikuwa nimechoka hata kuyatafuta.

"Yana afya," akasema mwishowe, akavuta kigoda. "Lete kinu. Na utwange weye, miye leo mikono sina."