Vipimo vya Fan Mei-chin

Fan Mei-chin alifanya kazi mjini Hsinchu, Taiwan, kwenye kampuni inayotengeneza mfumo endeshi wa kompyuta za viwandani. Kwa miaka kumi na tisa wenzake walijenga, yeye akapima. Hawakumpenda.

Mkuu wa idara, Peng Kuo-tung, alikuwa ameshamwahidi mteja kwamba mfumo mpya, ukigawa kazi moja kwa michakato minane inayokwenda sambamba, unaimaliza mara saba upesi zaidi kuliko ukiendesha mmoja. Mei-chin akajaribu. Kabla ya kila jaribio aliizima mashine na kuiwasha upya, akafunga programu zisizohusika, kisha akaongeza michakato mmoja mmoja, kila hatua akiirudia mara thelathini. Hadi wa nne kasi ilipanda. Kuanzia wa tano ikashuka: michakato yote ilikuwa ikisubiriana kuingia sehemu moja ya kumbukumbu ya kompyuta, kama wapangaji wanaogombea choo kimoja.

Peng alimkabili mbele ya wote, saa ya chakula, watu wakila tambi za mchele.

“Dada Fan, hiyo mashine umeiloga?”

Wengine wakacheka chinichini.

“Nimepima mara thelathini, mkuu.”

“Ujinga hata uupime mara mia, ni ujinga tu.”

Mei-chin aliomba aone majaribio ya Peng yaliyotoa hiyo mara saba. Akazungushwa wiki nzima. Mwishowe akayafukua mwenyewe kwenye hifadhi ya kampuni. Mchakato mmoja Peng aliupima kwenye mfumo wa zamani, uliokuwa mzito. Ile minane akaipimia kwenye mpya. Ni kama kumshindanisha mgonjwa na wanariadha.

Mkataba ulitaka mpimaji apeleke ripoti kwa mteja moja kwa moja. Akaipeleka, kurasa mbili, bila kumtukana mtu. Mteja akaikataa kazi, irudiwe yote. Idara nzima ikakosa sikukuu ya mwaka mpya.

“Umeridhika sasa?” Peng alimuuliza.

“Sikupima ili niridhike.”

Miezi mitatu baadaye msongamano uliondolewa, na kasi ikafika mara tano na ushei. Peng aliyatangaza matokeo hayo bila kumtaja. Wiki hiyohiyo akamhamishia jengo la pili, peke yake.

Mei-chin aliibeba kompyuta yake ngazini. Wenzake walikuwepo, wamekaa. Hakuna aliyenyanyuka.