Tangi la Darasa la Sita

Wiki nzima Alistidia alikuwa akiomba mvua inyeshe mpaka barabara ya kutoka Muleba isipitike. Mvua ikanyesha kweli, lakini asubuhi ya Alhamisi pikipiki ya mkaguzi iliingia uwanjani imetapakaa tope. Alistidia aliiona kupitia dirisha la darasa, akafungua tena daftari lake la maandalizi.

Ulikuwa mwaka 1980. Alistidia alikuwa amemaliza darasa la saba miaka michache nyuma na hakuchaguliwa kwenda sekondari. Alikuwa akichuma kahawa kwa baba yake pale serikali ya kijiji ilipompendekeza awe mwalimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, afundishe huku akisomea ualimu, maana watoto wote walitakiwa waingie shule na walimu hawakutosha. Vilabuni walevi walizigeuza herufi hizo: Ualimu Pasipo Elimu. Siku moja baba yake, Mzee Lameki, alirudi kutoka huko amenuna, akamwambia, "Mwanangu, wasije wakakusikia ukikosea." Neno hilo lilimkaa moyoni kuliko kejeli zote.

Sasa lilikuwa somo lake la mwisho la kupimwa. Akifaulu, atapata cheti cha ualimu cha daraja la C. Akishindwa, basi tena.

Mkaguzi, Bwana Rugemalira, alikaa nyuma ya darasa la sita pamoja na mwalimu mkuu, Mwalimu Ildefons. Alistidia alikuwa ameandaa hesabu ya mabomba mawili yanayojaza tangi. Alikuwa ameifanya nyumbani mpaka akaijua kama sala. Kabla hajafungua mdomo, mkaguzi akasema, "Mwalimu, nenda kwenye swali la mwisho la zoezi. Hilo ndilo linalowashinda watoto."

Alistidia hakuwa amelifikia swali hilo alipojiandaa. Ili apate muda wa kupumua, akamwinua Kemilembe, msichana wa dawati la mbele, alisome kitabuni.

"Bomba la juu hujaza tangi kwa saa nne," Kemilembe akasoma. "Bomba la chini hulitoa maji yote kwa saa sita. Yote mawili yakifunguliwa pamoja, tangi tupu litajaa baada ya saa ngapi?"

Mkono wa Alistidia ukatangulia kichwa. Akaandika robo, akaandika sehemu moja ya sita, akajumlisha kama alivyozoea: tano juu ya kumi na mbili. Akageuza. Saa mbili na dakika ishirini na nne.

"Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu!" darasa zima likaitikia, vichwa vikainama kunakili.

Mwalimu Ildefons alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mkaguzi alikuwa akiandika. Alistidia akapumua. Kisha akatazama ubao, akalisoma jibu upya. Bomba la juu peke yake hujaza kwa saa nne. Itakuwaje tangi linalotoa maji chini lijae kwa saa mbili na kitu?

Hakuna aliyeona. Angeweza kufuta ubao na kuendelea na zoezi jingine. Alishika dasta. Akawaona watoto wakipigia mstari jibu lile, wengine kwa rula, vizuri kabisa.

"Wekeni kalamu chini," akasema. "Jibu hili si sahihi. Nimekosea mimi."

Mwalimu Ildefons akatazama sakafu. Mtoto mmoja akacheka, akanyamaza.

Alistidia alitaka kuanza upya, lakini tarakimu zilimchezea machoni. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Chaki ikamkatikia mkononi. Akaacha tarakimu, akachora tangi kubwa na kuligawa katika mafungu kumi na mawili.

"Bomba la juu linajaza yote kwa saa nne. Kwa saa moja linaingiza mafungu mangapi?"

"Matatu!"

"La chini linatoa yote kwa saa sita. Kwa saa moja?"

"Mawili!"

"Haya, yanaingia matatu, yanatoka mawili..."

"Waitu mwalimu," Kemilembe akamwita kwa heshima ya Kihaya, bila kunyoosha mkono, "linabaki moja tu! Basi ni saa kumi na mbili!"

"Kutwa nzima!" mwingine akaguna, na darasa likacheka. Alistidia akaandika jibu ubaoni, akalipigia mstari.

Somo lilipoisha, Rugemalira alimkuta mlangoni.

"Ile mara ya kwanza, mimi sikuona kosa," alisema polepole. "Nilikuwa nimekuwekea alama ya vema. Kwa nini hukuacha?"

"Walikuwa wameanza kupigia mstari, bwana."

Mkaguzi alimtazama, akavaa kofia, akaenda zake bila kusema amefaulu au ameshindwa. Majuma yaliyofuata Alistidia alikonda. Alimwuliza kila aliyetoka Bukoba mjini kama majina yametoka. Jibu lilipofika kwa barua, lilisema amefaulu, ila mkaguzi aliongeza kwamba mwalimu huyu aandae mazoezi yote, asiishie katikati.

Mzee Lameki, akiwa amekaa shambani juu ya nyasi zilizotandazwa kwenye migomba, alisomewa barua hiyo na binti yake. Aliomba asomewe tena pale penye lawama.

"Kwa hiyo walikusikia ukikosea," alisema.

"Walinisikia, tata."

Mzee akasogea ampishe binti yake mahali pa kukaa.