Giaboksi ya Dresa Okurut

Mume wangu Ojiambo alikuwa fundi baiskeli hapa Lumino, na watu waliiamini mikono yake kwenye mnyororo na spoki, si zaidi. Mwenye pikipiki aliipeleka gereji Tororo. Ndiyo maana mwaka 1964, Okurut, dresa wa zahanati, alipotuachia pikipiki yake kuukuu iliyokuwa ikiruka gia ya nne, nilijua mume wangu anapimwa. Akiiweza, ni fundi kamili. Ikimshinda, atazeeka na spoki zake.

Aliifungulia uani. Kila kipande kilichotoka kwenye giaboksi alikiosha kwa mafuta ya taa, ndani ya sufuria yangu, bila hata kuniomba, kisha akakilaza mkekani kwa mpangilio: gia, washa, gia, beringi. Hakuwa na kitabu cha kumwelekeza. Mpangilio ule ndio alioutegemea.

Jumamosi mama yangu akaja bila taarifa. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso, wala hawasemezani. Ojiambo aliposikia sauti yake nje ya ua alikurupuka, na kaptula yake iliyojaa oili, akajificha nyuma ya jiko. Mimi nilikuwa kisimani. Mama, ambaye hajawahi kuona uchafu akaupita, aliviokota vyuma vyote, akavimimina kapuni, akafagia. Ojiambo aliyaona yote kupitia ufa wa ukuta na hakuweza kutamka neno.

Niliporudi na kuelewa, nilikasirika. Yeye hakukasirika. Mama alipoingia jikoni, Ojiambo alitoka mafichoni akamwaga kapu mkekani, akaanza kulinganisha kipande kimoja kimoja. Aliniambia vyuma vilivyosuguana miaka mingi huachiana alama, basi ataviuliza vyenyewe. Jumamosi ikaisha, Jumapili akakosa misa. Jumatatu asubuhi alikaza nati ya mwisho, kumbe washa moja, kipete chembamba cha chuma, imebaki mkekani. Mwingine angeitia mfukoni akanyamaza. Ojiambo akafungua tena yote.

Hapo ndipo Okurut alipofika, sanduku la chanjo ya ndui begani, akaviona vyuma vimetapakaa.

"Mimi nakwenda Nabuyoga, watu nangoja," alisema. "Fundi gani nachanganya chuma yake? Bora mimi napeleka Tororo."

Ojiambo akainamisha kichwa. "Makosa ni yangu, dokta. Mimi sikupanga vizuri."

Namsifu kwa mengi, ila siku ile nilitamani kumzaba kofi. Nilifungua kinywa niseme ukweli, lakini mama, ambaye bado alikuwa mgeni wetu, akanitangulia kutoka jikoni, kwa Kiswahili, ili Okurut asikose kuelewa. Mkwewe alikuwa hatua tano tu kutoka pale, na kwa desturi yetu hakupaswa kuisikia sauti hiyo.

"Si yeye. Ni mimi namwaga chuma yake kwa kapu. Yeye nasitiri mimi tu. Dokta, ngoja yeye."

Okurut akavuta kigoda, akakaa.

Saa sita mchana pikipiki ikawaka. Tulisimama njiani tukiisikiliza ikienda. Okurut akabadili gia: injini ikashusha sauti, ikapanda. Ikashusha tena, ikapanda. Mara ya tatu gia ya nne ikashika bila kuruka. Ojiambo alilia waziwazi mbele ya majirani. Mama, mlangoni pa jiko, akajifunika leso usoni asimwone mkwewe, akapiga vigelegele.