Majani ya Bibi ndani ya Laptopu

Mama yangu ndiye aliyeiua laptopu, na aliiua kwa usafi. Nalisema waziwazi kwa sababu mwenyewe hakuwahi kukana. Nyumbani kwetu Area D kila kitu cha thamani kilivishwa kitambaa cha kufuma: redio, televisheni, makochi, hata ile chupa ya chai ya wageni. Vumbi la Dodoma halina adabu, na mama, mtoto wa mjini aliyelelewa kwenye nyumba za biashara, hakukubali lishinde hata siku moja.

Laptopu yenyewe ilikuwa kuukuu. Nilikuwa katibu muhtasi kwenye mradi mmoja wa wafadhili, miaka ile ambayo bidhaa na miradi vilikuwa vikimiminika nchini kila kukicha. Mradi ulipofungwa, bosi akaniachia mashine yake, nami nikampa baba. Baba alikuwa mwalimu mstaafu, Mgogo wa Hombolo, na alikuwa na lake moja tu kichwani: kuandika mboga zote za porini walizokula watu wa kwao, jina la kila jani, linaota wapi, linapikwaje. Msimulizi wake alikuwa bibi, yaani mama yake. Miaka mitatu alikwenda Hombolo na daftari, akirudi anachapa kwa vidole viwili. Halafu, jamani, kurasa za daftari alizokwisha kuzichapa akawa anazichana na kuwashia mkaa!

"Yameshaingia kwenye mashine," aliniambia. "Ya nini tena?"

Nikamwambia basi tuzitoe hata nakala moja kwenye karatasi. Hakutaka. Kitabu hakitolewi kabla hakijaisha, alisema, kama vile nilimwomba aniondolee ugali jikoni ukiwa uji. Bibi akafariki. Baba alikuwa amefika jani la mwisho, la mia moja na kumi na tisa, bado anasahihisha, na nakala ilikuwa hiyo moja tu ya kwenye mashine.

Basi asubuhi moja ya Oktoba, jua la kupasua mawe, baba akaiacha laptopu inawaka akaenda msibani. Hakupenda kuizima kwa sababu ilichukua muda mrefu mno kuamka. Mama akafagia, akafunga madirisha, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, juu yake kingine, na juu kabisa kile cha mahameli cha sikukuu. Baba aliporudi alasiri, laptopu ilikuwa ya moto kama kikaango, na ndani yake kitu kinagonga: kach, kach, kach. Kioo kilikuwa cheusi.

Baba hakugomba. Afadhali angegomba. Alinuna siku nne. "Mwambie mama yako chumvi imezidi," ananiambia mimi, na mama amekaa hapo hapo anamwangalia. Mimi sina subira na mambo hayo. Siku ya tano niliichukua laptopu nikawaambia nakwenda Chang'ombe, hapa hapa Dodoma, kwa fundi wa redio aliyeanza kutengeneza kompyuta, anayetaka kuja aje. Baba akavaa koti. Mama naye akajitanda kanga.

"Wewe unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kama nimeua, mazishini nitakuwepo."

Fundi alimwamkia baba shikamoo, akatega sikio kwenye mashine kama daktari, akatabasamu. Nilitaka kumkumbatia kwa lile tabasamu! Diski ya ndani, alisema, imepata joto ikakwama, lakini kugonga maana yake bado ina roho. Tuigandishe. Ikipoa itasinyaa kidogo, huenda ikazunguka dakika chache, na hizo dakika ndizo zetu. Ikishapata joto tena, basi, tusahau. Akaichomoa, akaifunga kwenye mifuko mitatu ya rambo isiingie maji, akaipeleka kwenye friza ya jirani aliyekuwa akiuza barafu.

Tulikaa kwenye benchi saa nzima. Yule jirani akaja na yeye kusubiri, maana maiti wa aina hii alikuwa hajawahi kumlaza kwenye friza yake. Fundi akairudisha diski, akabonyeza swichi. Kach. Kach. Kisha ikanguruma!

"Imeamka!" nikapiga kelele mpaka mwenye duka la mkabala akatoka nje.

"Faili lipi?" fundi akauliza. "Haraka, dada!"

Nilimwonyesha. Akachomeka flopi, na ule mstari wa kunakili ukaanza kutambaa. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono wake begani kwangu unaniumiza. Mama anavuta uradi. Mstari ukafika nusu, ukapita nusu, mimi nasema twende, twende, twende mama yangu we! Hapo diski ikapiga ukelele mwembamba, ikanyamaza, na haikuamka tena.

Fundi akaipeleka ile flopi kwenye kompyuta yake kubwa. Faili likafunguka! Namba moja, namba mbili, maneno ya bibi mwenyewe: jani hili chuma kabla jua halijapanda. Baba akacheka kwa sauti, akampiga fundi mgongoni. Nikateremsha ukurasa. Arobaini. Hamsini. Sitini na moja. Baada ya hapo palikuwa na visanduku vitupu, ukurasa baada ya ukurasa.

Baba akakaa. "Nusu," akasema. "Nusu nyingine nitamuuliza nani? Mama hayupo." Alisema polepole, na roho iliniuma vibaya sana.

"Sitini na mbili ni lile la kwenye vichuguu," mama akasema kutoka kwenye benchi. Akalitaja jina lake kwa Kigogo, kwa lafudhi yake ya mjini. "Maji ya kwanza unamwaga. Ya pili unatia magadi. Usipomwaga, tumbo litakukomesha."

Baba akageuka. "Nani kakwambia?"

"Mama yako. Ulifikiri yale majani yalikuwa yanajichuma yenyewe? Nimeolewa miaka thelathini. Kila tulipokwenda Hombolo wewe ulikaa kivulini na daftari, mimi nilikuwa porini naye, nimeinama. Na namba zake nilizisikia ukizitaja kwa sauti unapochapa."

Sikungoja kuambiwa. Nilivuta kiti cha fundi nikaanza kuchapa, na mama akataja, na vidole vyangu havikuweza kumfuata. Sabini. Tisini. Mahali pengine baba alibisha, mama akamwambia wewe uliandika, mimi nilipika. Tulipofika mia moja na kumi na tisa nilirusha mikono juu, lakini mama hakunyamaza.

"Mia moja na ishirini," akasema.

"Hapo ndipo mwisho," baba akasema. "Mama aliniambia yameisha."

"Kwako yaliisha. Haya ni ya mwanamke aliyejifungua. Wanaume hamwambiwi."

Yalikuwa kumi na manne. Baba aliyasikiliza yote huku ameshika kofia yake mapajani. Mama alipomaliza, baba akamuuliza, si kupitia kwangu, yeye mwenyewe, "Niyaandike?"

"Andika. Lakini useme nani kakwambia."

Baba akaniambia nipande juu kabisa, ukurasa wa kwanza, pale palipoandikwa jina la bibi. Chini yake akanitajia jina la mama, la baba yake na la babu yake, herufi kwa herufi, nisikosee.