Sitara ya Bi Salme

Watu wa mtaa wa Waithaka walimwamkia Bi Salme kwa mbali, kana kwamba akikusogelea atakupima urefu. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake wa Kiislamu, na mikono yake ilinukia kafuri hata siku ya Idi. Aliletwa Nairobi kutoka Mombasa na mume karani. Mume akafa, yeye akabaki, akifundisha wasichana Kurani alasiri na kuosha maiti kila alipoitwa. Sambusa zake zilikuwa tamu kuliko zote mtaani na hakuna aliyethubutu kuzila. Watu wana mambo.

Mimi ni Sharif. Nina duka la nguo katikati ya jiji, karibu na msikiti, na bafta ya sanda Bi Salme huichukua kwangu. Ndipo nilipoijua sheria yake moja: alichokiona katika chumba cha kuoshea hakitoki nje. Maiti hana mkono wa kujifunika, husema, kwa hiyo anayemwosha ndiye nguo yake. Ndivyo walivyofunzwa waosha wote. Mwenye kovu, mwenye mimba ya siri, mwenye uso uliobadilika rangi, wote huzikwa na siri zao.

Kisha ukaanza ule msiba usiokwisha. Wanawake waliojifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ya umma, ambayo jina lake nalihifadhi maana haistahili kutangazwa bure, walirudi nyumbani na homa, wakapelekwa tena hospitali, wakatolewa humo wamefunikwa shuka. Bi Salme akawa mgeni wa kila mara dukani. Hakuniambia kitu. Ila niliona kwamba pamoja na bafta sasa alitaka pamba, tena nyingi.

"Bi Salme, pamba yote hii ya nini?"

"Sharif mwanangu, wewe uza. Usiulize."

Jibu nililijua kabla sijauliza. Pamba huziba vidonda.

Hospitali yenyewe ungeiona ungedhani iko Ulaya. Ina tangi la maji lenye jina la mheshimiwa aliyelileta, limeandikwa kwa herufi za kusomeka toka barabarani, na ndani hamna hata tone. Ina mashine mpya ya kuchemshia vyombo vya upasuaji. Siku ya kuizindua waliletwa wacheza ngoma, utepe ukakatwa, na serikali ikajipigia makofi kwa fedha za umma ilizotumia. Baadaye ikajulikana kwamba umeme wa jengo hauiwezi. Mashine ikaachwa kwenye korido, wauguzi wakaitundikia makoti yao. Mama anayekwenda kujifungua huambiwa aje na beseni, pamba, glavu na jiki yake ya kuulia vidudu. Akisahau jiki hufokewa kana kwamba yeye ndiye waziri wa afya.

Familia za marehemu zilipopiga kelele, ikaundwa kamati ya uchunguzi. Kwetu mtoto akilia hupewa titi, mwananchi akilia hupewa kamati. Mkurugenzi wa hospitali, Daktari Kitavi, alikuwa na jibu tayari: akina mama hao walikuja na vidudu vyao kutoka majumbani. Na nani angembishia? Waislamu huzika siku hiyo hiyo na hawapendi maiti apasuliwe. Wasio Waislamu walichunguzwa na hospitali hiyo hiyo, nayo ikajiona haina kosa. Aliyebaki ameona kwa macho yake ni mtu mmoja tu.

Wakubwa walilijua hilo. Wakamtuma Abdulrauf, afisa wao, mtoto wa pwani kama sisi, akapiga hodi kwa Bi Salme na mfuko wa sukari mkononi.

"Bi Salme, wewe ni mtu wa dini," alimwambia. "Anayemsitiri maiti, Mungu humsitiri. Sisi tunajua hutawaaibisha wenzako mbele ya kamera."

Ulimi wa asali, roho ya chatu! Siku zote msikitini tunamtafuta hatumwoni, leo amekuwa shehe.

Lakini maneno yake yalimwingia mama wa watu. Alikuja dukani amejiinamia. Safa, mwanawe wa pekee, muuza viatu pale Adams Arcade, alikuwa na mimba pevu. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa kisu, na wa pili isingekuwa vingine. Hospitali za Parklands ni za wenye magari. Safa angepasuliwa katika wodi ile ile, juma lililofuata.

"Nikisema, nimewavua nguo wafu," Bi Salme alilia. "Nisiposema, nimempeleka mwanangu kwa mikono yangu. Niende wapi, Sharif?"

"Useme!" nilimfokea. "Au unangoja kumwosha Safa?"

Alivuta ushungi wake akaondoka, na moyo uliniuma siku nzima.

Kamati ilikaa katika ukumbi mmoja mjini. Meza ya wakubwa ilijaa maji ya chupa, na kila aliyezungumzia tangi kavu alikunywa kwanza. Daktari Kitavi alisoma hotuba yake ya vidudu vya majumbani. Bi Salme aliketi nyuma karibu yangu, kimya, ushungi umemfunika hadi machoni. Nilikata tamaa kabisa. Ndipo Abdulrauf akainuka kumalizia kazi.

"Mheshimiwa mwenyekiti, hata mama mwenye anaosha hizo maiti ako hapa. Hajawahi lalamika. Kama angeona kitu mbaya, si angesema?"

Mjinga yule! Angenyamaza angeshinda. Bi Salme alisimama.

"Nilinyamaza kwa ajili yao," alisema. "Wewe umekichukua kimya changu ukakifanya cheti cha hospitali yako."

Mwenyekiti, mheshimiwa Nthiwa, aligonga meza. "Mama, ngoja kidogo. Kwani wewe ni daktari?"

"La, mheshimiwa. Daktari huwaona kwanza. Mimi huwapokea akishamaliza."

Watu walicheka, wakaona yeye hacheki, wakaacha.

"Tunachomfichia maiti ni aibu yake," aliendelea. "Wale wanawake hawakuwa na aibu. Vidonda vile hawakuja navyo kutoka nyumbani, walitiwa. Nimeziba kwa pamba hadi pamba ikakataa. Majina yao sitayataja, hayo ni ya kwao. Wodi nitaitaja. Sitara ni ya maiti, si ya serikali."

Akaitaja, akaketi, akanishika mkono.

"Hii maneno ni serious," mheshimiwa Nthiwa alisema. "Tutaunda kamati ndogo ifuatilie." Kisha wakaenda kunywa chai.

Lakini kamera zilikuwepo. Kesho yake malori ya maji yalipanga foleni hospitalini. Kuta zikapakwa rangi. Fundi wa umeme, aliyekuwa hapatikani tangu siku ya utepe, akapatikana kabla ya adhuhuri, na mashine isiyowezekana ikanguruma, wauguzi wakatafuta kwingine kwa kutundika makoti. Kumbe yote yaliwezekana! Akina mama walizikwa kwa sababu hakuna mkubwa aliyekuwa ameaibika bado. Hadi leo hakuna aliyefutwa kazi, hata wa kufagia.

Safa alipasuliwa katika wodi inayonuka rangi mbichi. Akapata mtoto wa kike, na kidonda kikakauka vizuri.

Bi Salme alikuja dukani kutaka kitambaa laini cha winda. Nilimkatia huku nikiimba kwa furaha, nikamfungia, nikamwambia amsalimie mjukuu.

"Na bafta," akasema.

Nikashtuka. "Kafa nani?"

"Bado hajafa. Rangi imekauka, Sharif. Na lori la maji jana halikuja."

Nikashusha jora ya bafta, nikamkatia.