Jinsi Tulivyomfundisha Kamanda Kutumia GPS

Miaka ile ya vita ofisi za Bukavu zilikuwa na ugonjwa wa vifaa. Shirika lisilo na jenereta lilidharauliwa na lenye jenereta, na lenye jenereta lilidharauliwa na lenye simu ya setilaiti. Letu lilikuwa na jenereta mbovu. Kwa hiyo wafadhili walipokubali tununue GPS za mkononi, ili tuweze kuwafikia watu waliokimbilia msituni upande wa Shabunda, mratibu wetu alitembea uani siku nzima akiwa amejishika kiuno kama mwenye harusi.

Mimi nilikuwa muuguzi pekee wa shirika. Nilitaka kifaa kidogo chenye skrini ya kijivu, kinachotumia betri za redio, maana betri za redio zinapatikana hata mahali ambapo chumvi haipatikani. Nikalisema hilo mkutanoni. Mkutano ulikuwa umefunguliwa kwa sala, nikadhani basi akili zimeshashushwa. Wapi! Mratibu alikishika kile kidogo kwa vidole viwili akakirudisha mezani.

"Hii iko ya batoto," alisema.

Akachagua kikubwa, kizito, chenye rangi na ramani ya dunia ndani yake. Ilikuwa ramani nzuri kweli. Ilijua kila barabara ya Ulaya, hata vichochoro. Ukisogeza kidole kuja kwetu, ilionyesha ziwa, ilionyesha jina la Bukavu, halafu kuanzia hapo hadi Kisangani palikuwa peupe, hakuna kitu, kana kwamba tulikuwa bado hatujaumbwa. Na betri yake ilikuwa ya aina yake peke yake, inachajiwa kwa umeme. Umeme! Nilitaka kuuliza tutaichomeka kwenye mti gani, lakini chai na mandazi vilikuwa vimeshafika.

Alikaa nacho mezani kwake, na nailoni ya kiwandani bado imebanwa kwenye skrini, maana kwetu kitu kikivuliwa nailoni watu wataanza kukiazima. Siku ya kwanza alikijaribu chini ya bati la ofisi, kikasema hakioni setilaiti hata moja. Akasema tumeuziwa takataka. Nikamwambia, "Chef, toka inje kidogo." Alitoka, kikaona, na yeye akasema kumbe kilikuwa kinazoea hewa ya Bukavu.

Kisha tukaenda Nyantende kufanya mazoezi. Kazi ilikuwa kufika kanisani kwa kufuata mshale, na kanisa lenyewe tulikuwa tunaliona tangu tunaposhuka garini. Lakini mshale hauna habari za mabonde. Mratibu aliufuata moja kwa moja, akakanyaga maharage ya mama mmoja, akaingia kinamasi hadi magotini, na wakati wote amekiinua kifaa juu kama padre anayeinua ekaristi. Yule mama aliacha jembe akamtazama.

"Papa, njia iko pale," alisema. "Batu bote banapitaka pale."

"Najua, maman. Tuko mu mazoezi."

"Ya kukanyaga maharagi?"

Tulicheka mpaka Bukavu. Sasa nikikumbuka kicheko kile naona aibu kidogo, kwa sababu tulidhani balaa la mashine ile litaishia kwenye maharage.

Ujumbe ulitufikia kupitia parokia: kulikuwa na kambi ya watu waliojificha, safari ya karibu siku nzima kwa miguu kutoka Shabunda mjini, na watoto walikuwa wanakufa kwa homa. Waliwakimbia wanajeshi walioshika mji, ambao walikuwa wakiwakamata wanaume kubeba mizigo na wanawake kwa mambo ninayoyajua kwa sababu niliwatibu. Ndege ndogo ikatushusha Shabunda. Mwanamke aliyekuwa mkuu wa kambi alikuja mwenyewe kutuchukua pembeni ya mji, akiwa na kapu la mihogo kichwani ili aonekane anatoka shambani.

Njia hakuna. Tulivuka mito, tukapita chini ya magogo, tukazungushwa hadi nikapoteza hata upande wa jua. Kambini nilikuta vibanda vya majani na watoto wanaopumua kwa mbavu. Mmoja alikuwa kitindamimba wa yule mwanamke, mvulana wa miaka kama miwili. Nilikuwa nimebeba dawa za malaria na za kuhara. Dawa ya kifua ilikuwa haba, nikaigawa ikaisha kabla ya nusu ya watoto, na wake alikuwa miongoni mwa waliokosa. Nikamwambia nitarudi na katoni nzima.

"Utarudia namna gani?" aliuliza. "Mimi sitaweza kutoka tena. Banaanza kunijua."

Hapo mratibu akatoa mashine yake. Akamweleza kwamba itakumbuka mahali hapa, na tutarudi wenyewe bila kumsumbua mtu. Mwanamke aliitazama muda mrefu.

"Inaweza kuambia mutu mwingine?"

"Hapana, maman," alisema mratibu, mkono kifuani. "Hii inachunga siri kuliko padiri."

Mwanamke akanigeukia mimi. Mtoto alikuwa mgongoni mwake, namsikia anavyovuta pumzi. Nikasema ndiyo, atuachie tupaweke alama, nitaleta dawa. Akakubali kwa sababu ya yule mtoto, si kwa sababu yetu. Na mratibu, badala ya kuacha namba ambayo kifaa huweka chenyewe, akaandika jina zuri linalosomeka: KAMBI WATU WAMEJIFICHA. Alisema ni kwa ajili ya ripoti, wafadhili wanapenda mambo yaliyo wazi.

Kesho yake tukarudi mjini, na kwenye kizuizi cha wanajeshi tukapekuliwa. Kamanda alikuwa kijana mwenye miwani ya jua na viatu vya mvua. Alitoa mashine kwenye begi, akaigeuzageuza.

"Hii ni fonia," alisema. "Munaongeaka na adui."

Fonia ni redio ya mawasiliano, na watu waliuawa kwa kukutwa nayo. Angesema tu ni kipimajoto! Ni mashine ya dawa! Angenyamaza hata, sisi tungelia, tungeomba, mambo yangeisha kama yalivyokuwa yakiisha. Lakini mratibu alisikia elimu yake imetukanwa.

"Mon commandant, hapana. Hii haiko fonia. Hii inaitwa GPS. Acha nikuelezee."

Na akaeleza. Mungu wangu, alivyoeleza! Yule mtu alikuwa ameendesha semina tangu amalize chuo. Alijua semina za visima, semina za amani, semina za namna ya kuendesha semina. Mtu akimuuliza swali, mdomo unafunguka wenyewe. Alianza na setilaiti angani, akashuka hadi kwenye vitufe. Nilimkanyaga mguu. Akanisogezea mguu mwingine, akaendelea. Wanajeshi walisogea, wengine wakachuchumaa mbele kama darasani.

"Tuko pamoja?" aliuliza mratibu.

"Tuko pamoja!" walijibu wote.

"Sasa ukitaka kurudia fasi ulifika, unafinya hapa. Majina inatoka. Unachagua, na mushale inakupeleka."

Kamanda alifinya. Nilimwona akisoma polepole, midomo ikitembea. Hapo ndipo mratibu alipoelewa alichokifanya. Uso wake ulibadilika rangi, akanyoosha mkono akisema ahsante, somo limekwisha, kutakuwa na sehemu ya pili.

"Na perdiem?" aliuliza kamanda.

Maana kwetu hakuna semina bila perdiem, hata anayefundishwa kunawa mikono hulipwa posho ya kukaa na kusikiliza. Mratibu ndiye aliyekuwa ameizoesha nchi nzima. Akaanza kupapasa mifuko.

"Wacha," alisema kamanda, akaitia mashine kwenye koti lake. "Perdiem yangu ni hii."

Waliondoka asubuhi iliyofuata, mstari mmoja, kamanda mbele macho kwenye skrini. Tuliwatazama kutoka uani mwa parokia. Sikuweza kumpa yeyote habari, vizuizi vilifungwa, na hata vingekuwa wazi nisingejua njia. Iliyojua njia ilikuwa mfukoni mwa kamanda. Mratibu alipiga magoti kanisani. Mimi nilikaa nje, nikimchukia kwa moyo wangu wote, na sala zake nikizichukia pia.

Walirudi wamelowa, wana hasira, na sufuria moja. Sufuria tupu tu. Kambi walikuwa wameikuta majivu, watu hawapo; yule mwanamke alikuwa amewahamisha mara tulipompa mgongo. Nilicheka kwa sauti uani pale, nikalia, nikacheka tena. Mratibu akanifuata, uso umemrudia.

"Unaona?" alisema. "Hakuna mubaya ilitokea."

Nilirudi wiki chache baadaye na katoni ya dawa, nikitumaini hawakwenda mbali, mimi na mbebaji mmoja, na kile kifaa cha "batoto" ambacho sasa kilikuwa kinatutosha, nimekiingizia namba za mahali pale kutoka daftari la ripoti la mratibu. Mratibu alibaki Bukavu kwa sababu ya mkutano. Alinikumbusha tu kwamba dawa isikabidhiwe bila sahihi ya mpokeaji.

Mshale ulitufikisha sawasawa. Kifaa kikalia kuniarifu kwamba nimefika. Majivu yalikuwa yameota nyasi. Nikasimama katikati nikaita.

"Maman! Ni mimi, infirmière! Nimeleta dawa ya kifua!"

Nikaita tena. Mbebaji akanigusa mkono, akaonyesha kwa kidevu: kwenye kichaka, si mbali, mtoto alikohoa. Kikohozi kizito, cha chini kabisa ya kifua. Kisha kikakatika ghafla, kama mdomo umefunikwa kwa kiganja. Sikujua ni mtoto wa nani. Nilipiga hatua moja kuelekea kule, nikasikia majani yakirudi nyuma hatua moja.

Walikuwa wanatuona. Waliona mtu aliyefika bila kuonyeshwa njia, akifuata kidude kilichopo kiganjani, kama wale wengine.

Nikarudi nyuma. Nikaweka katoni chini, nikaifungua ili waone ni chupa tu. Lakini dawa ile ilikuwa ya unga, na ikikorogwa vibaya au ikipimwa vibaya inaweza kuua badala ya kuponya, na hakuna aliyekuwa anajitokeza nimwelekeze. Basi nikageukia kichaka, nikainua chupa moja juu, nikaanza kupaza sauti.

"Muchemshe maji! Muyaache yapoe! Mujaze mpaka ku mustari! Mutingize! Mutoto mukubwa, kijiko kimoja asubui na kimoja mangaribi! Mutoto wa ku mugongo, nusu! Nusu tu, maman, unanisikia? Nusu!"