Akaunti ya daktari ilikuwa inafungwa kila asubuhi, na sasa najua ni nani

Admin, nifichie jina na kituo usikitaje, huku ziwani tunajuana wote. Mimi ni mwanaume wa miaka 33, afisa TEHAMA wa kituo kimoja cha afya wilaya ya Nyasa. Mke wangu, Mama Upendo, ni mtoto wa Mkumbi, na yupo mapokezi hapo hapo kazini kwangu.

Hivi karibuni siri ya mgonjwa ilivuja. Mama mmoja wa Ngumbo alipimwa kwetu, na kabla hajarudi kuchukua dawa, majibu yake yalikuwa yanasemwa sokoni. Mumewe akamrudisha kwao, watoto akabaki nao. Faili lake lilikuwa limefunguliwa kwa akaunti ya daktari mkuu, na daktari akaapa si yeye. Lawama zikamwangukia nesi anayefanya naye kazi chumba kimoja, eti alichungulia neno lake la siri. Akasimamishwa. Daktari akabadilisha neno la siri, tukadhani yameisha.

Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Kila asubuhi daktari akitaka kuingia kwenye mfumo anaambiwa akaunti imefungwa kwa kukosea mara nyingi. Namfungulia, anaingia vizuri, baada ya muda mfupi inafungwa tena, huku wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi. "Kijana, hivi wewe kazi yako hapa ni nini?" akanifokea mbele za watu. Nilifuta neno la zamani lililohifadhiwa kwenye kompyuta yake. Nikakagua simu yake, nikakagua kompyuta ya wodini. Wapi!

Ndipo nikaingia kwenye seva kutafuta ni kifaa gani kinachokosea. Nikaona simu moja iliyoungwa kwenye waifai yetu. Inajaribu yenyewe kuingia kwa neno la zamani, inakataliwa, inajaribu tena. Jina la simu: Mama Upendo. Jina hilo nililiandika mimi mwenyewe siku niliyomnunulia. Nikarudi nyuma kwenye kumbukumbu za seva. Simu hiyo hiyo ndiyo iliyofungua faili la yule mama.

Nilimkuta nyumbani anachagua usipa, dagaa wa huku ziwani. Nikamuuliza, "Neno la siri la daktari umelipata wapi?"

Akaweka ungo chini. "Alinipa mwenyewe. Siku ile wagonjwa walizidi, akasema nimsaidie kuingiza majibu. Nikaliweka kwenye simu."

"Na faili la yule mama, nalo alikutuma?"

Akaanza kulia. "Nilimwambia dada yangu tu, Baba Upendo. Dada peke yake. Ukisema watanifunga, na mtoto bado ananyonya."

Niliiondoa ile akaunti kwenye simu yake. Tangu hapo daktari anaingia bila shida, ananisifia kwa kila mtu. Lakini ametaka maelezo ya tatizo lilikuwa nini, nikayasome kwenye kikao cha Jumatatu, kikao hicho hicho kitakachoamua kazi ya nesi. Nikimtaja mke wangu, daktari naye itabidi akiri kwamba alitoa neno lake la siri, na sidhani kama atakubali. Mke wangu ananisihi nizifute zile kumbukumbu, kwa kuwa hakuna mwingine kituoni anayeweza kuzisoma.

Juzi nesi alinifuata hadi nyumbani. Mke wangu ndiye aliyemkaribisha kiti. Akaniambia, "Kaka, wewe ndiye unayeijua hiyo mitambo. Kweli hujaona chochote?"

Nikamjibu, "Bado naangalia, dada."

Akashukuru. Akambeba Upendo kidogo, akambusu, akaaga. Alipotoka, mke wangu alikimbilia chumbani akajifungia.

Ndugu zangu, msinitukane, nahitaji akili zenu. Nikisema, naivunja nyumba yangu kwa mdomo wangu. Nikinyamaza, Jumatatu nitakaa meza moja na dada wa watu nikimwangalia anafukuzwa. Ningekuwa kaka yenu, mngeniambia nifanye nini?